Wanakula Wapi? Historia Fupi ya Meza ya Wanafunzi

Wiki iliyopita nilimaliza mhadhara saa kumi na moja jioni, na kabla sijafunga kompyuta ukumbi ulikuwa mtupu. Wengi waliwahi daladala. Niliwauliza watatu waliobaki huwa wanakula wapi usiku. Jibu lilikuwa moja: chumbani, peke yangu. Limenirudisha kwenye swali ambalo historia ya vyuo vikuu vyetu hulipita haraka: wanafunzi waliishi vipi nje ya darasa, na maisha hayo yalizaa siasa gani?

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha London. Maisha ya wanafunzi yaliigwa kutoka Uingereza: kila mmoja na bweni lake, joho jekundu kwenye chakula cha jioni, na meza ya juu kwa walimu. Lengo lilikuwa kumfinyanga muungwana wa kukalia kiti cha mkoloni. Hata kaulimbiu ya chuo iliwahimiza wawe wanaume, hadi walipoingia wanawake 6 wa kwanza mwaka 1945 ikabidi ibadilishwe. Hata hivyo, mabweni hayo yaliwakutanisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na mengi waliyojadili baada ya sahani kuondolewa hayakuwamo katika mtaala.

Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kisha mwaka 1964 ikahamia Mlimani. Kilima kile kiliwatenga na mji. Oktoba 22, 1966, waliteremka wamevaa majoho kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lakini utengano uleule, baada ya Azimio la Arusha, ulizaa mambo mengine. Jioni hapakuwa na pa kwenda ila kwa mwenzako. Hivyo mwaka 1967 ikaundwa USARF chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni, pakawa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, kisha jarida la Cheche. Mwaka 1970 vyote viwili vikapigwa marufuku.

Nairobi, kwa upande wake, iko katikati ya jiji. Mwanafunzi akitoka bwenini yuko barabarani tayari. Ndiyo maana J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, mjadala wa bwenini ulifika mitaani upesi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, serikali ilikifunga chuo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ilijua vyema kuwa kuwatawanya wanafunzi ni kuwanyamazisha.

Vyuo hivi vitatu vilitofautiana kwa tabia, ila vilishirikiana jambo moja: serikali ililipia kitanda na chakula, na wanafunzi wakala pamoja. Uchangiaji wa gharama wa miaka ya 1990 uliivunja meza hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa mwanafunzi, tulibebana wanne katika chumba cha wawili; tulibanwa, lakini tulibishana hadi usiku wa manane. Leo bumu likiingia, kila mmoja analipa kodi ya chumba chake mtaani.

Sililii enzi ya majoho. Meza ile ilikuwa ya wachache, na wengi wao wanaume. Kufungua milango kwa maelfu kulikuwa haki. Kosa ni kwamba tuliongeza viti darasani bila kuuliza watakutana wapi baada ya kipindi.

Kwa hiyo wanaharakati wanaponiuliza kwa nini serikali za wanafunzi zimepoa, huwaambia wasianzie kwenye sheria na hofu peke yake, ingawa zote zipo. Nanyi watumishi wa umma mnaopitisha ramani za kampasi mpya, kabla hamjatia saini, tazameni kama mchoro una mahali ambapo vijana mia mbili wanaweza kuketi na kula pamoja.