Nani Alisema Kantri ni ya Wazungu?

Weka Jim Reeves kwa matatu ya vijana uone. Mmoja atakuuliza umekuwa mzungu lini, mwingine atasema hiyo ni ngoma ya wazee wa Kikuyu. Ya kabila tuiwache, hayo ni mambo yetu ya nyumbani. Hii ya rangi ina historia, na ni historia ya biashara.

Miaka ya 1920, kampuni za santuri Marekani ziliugawa muziki wa kusini mara mbili: weusi na katalogi yao, wazungu wa mashambani na yao. Lakini wanamuziki walikuwa wameshachanganyana kitambo. Benjo, ambayo leo tunampa mzungu wa kofia pana, ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa utumwani. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alizaliwa 1897, akafanya kazi ya reli Mississippi, na bluzi yake aliitoa kwa vibarua weusi wa reli hiyo. Mwaka wa 1930 alirekodi Blue Yodel No. 9, tarumbeta ikipigwa na Louis Armstrong. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye santuri. Hapo ndipo ukuta ulipo: si kwa sauti, ni kwa lebo. Na wa kuumia ni yule yule.

Rodgers alikufa kwa kifua kikuu 1933, santuri zake zikaendelea kusafiri hadi kwa Wakipsigis, huku kwetu. 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuja na mitambo yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wa Kapkatet, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakimwimba mtu anayeitwa Chemirocha. Hebu tamka jina hilo polepole. Ndiyo, ni Jimmie Rodgers, sasa ana Che mbele kama Chemutoi mwenyewe. Walimwimba kwa chepkong'o, ndugu ya nyatiti, na Tracey akaandika kwamba kwao alikuwa nusu mtu, nusu swara.

Hadithi hii inapendwa sana ng'ambo, na inaniudhi vile inasimuliwa: vijana wa kijijini, gramafoni, swara, kicheko. Si hao wasichana walifanya kile kile Rodgers alifanya relini? Walisikia sauti ya watu wengine, ikawaingia, wakaipa ala yao na lugha yao. Yeye kwa hilo akaitwa baba wa muziki mzima. Wao wakawa kichekesho. Na hakuna aliyewauliza kama kantri ni ya rangi yao, kwa sababu katalogi haikuwa imefika Kapkatet. Ilifika santuri tu.

Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi za Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai kuzisikia. Chemirocha III iko mtandaoni, itafute. Gita hakuna hata moja humo.