Gharama Za Uzazi Kampala: Nani Alikuwa Akilipa?



Hapa Kampala mtu akifiwa, mabugo huanza kukusanywa kabla maiti hajatolewa ndani. Mitaa mingi ina vikundi vya munno mukabi, watu huchanga kidogo kidogo, na sanda, turubali na chakula cha waliokuja kuhani hupatikana siku hiyo hiyo. Lakini mke wa mwanachama huyo huyo akishikwa na uchungu usiku wa manane huko Kisenyi au Bwaise, mara nyingi mume huhangaika peke yake kutafuta nauli ya boda boda, glavu na pamba. Mauti huja bila taarifa. Uzazi hutoa taarifa ya miezi tisa. Ajabu ni kwamba tumejiandaa vizuri zaidi kwa lile lisilotoa taarifa.

Je, hali imekuwa hivi siku zote? Tuanze mbali kidogo, Madiynah, zama za ukhalifa wa 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu), aliyetawala mwaka 13 hadi 23 Hijriyyah, yaani 634 hadi 644 Miyladiyyah. Visa viwili vyake vinajulikana sana, na kwa bahati mbaya mawaidha yetu hukiendea zaidi kile cha kwanza.

Katika kisa hicho 'Umar yumo katika doria yake ya usiku, akakuta hema nje ya mji na bedui amekaa mlangoni. Ndani mkewe ana uchungu na hakuna mwanamke wa kumsaidia. 'Umar akarudi nyumbani, akamwita mkewe Ummu Kulthuum, binti wa 'Aliy bin Abi Twaalib, achukue vitu vya kuzalishia, naye mwenyewe akabeba unga na mafuta. Ummu Kulthuum akaingia ndani, 'Umar akabaki nje akipuliza moto na kupika, moshi ukimfuka ndevuni. Mtoto alipozaliwa, Ummu Kulthuum akamwita mumewe kwa cheo chake ampe mwenziwe habari njema ya mtoto wa kiume. Hapo ndipo bedui alipojua ni nani aliyekuwa akimpikia.

Kisa hiki ni kizuri, lakini ni msaada wa usiku mmoja kwa familia moja. Cha pili kina uzito zaidi, na kimo katika kitabu cha Twabaqaat cha Ibn Sa'd. Msafara wa wafanya biashara ulitua Madiynah, na 'Umar akakesha kuulinda pamoja na 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf. Akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama na kumsihi, akarudi, mtoto akalia tena, na mara ya tatu vivyo hivyo. Mama, asiyejua anasema na nani, akaeleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwa kuwa 'Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha acha kunyonya. Mtoto bado alikuwa na miezi tu. Alfajiri ile 'Umar aliswalisha huku akilia hata watu hawakusikia vizuri kisomo chake. Kisha akatangaza kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa posho, akaandika hivyo kwenye majimbo yote. Inatajwa kuwa posho hiyo ilikuwa dirham 100 kwa mtoto mchanga.

Angalieni kilichotokea. Sharti lililowekwa na Baytul Maal, tena kwa nia njema, lilikuwa linamwumiza mtoto. 'Umar hakuishia kumpa mama yule sadaka na kwenda zake, bali alibadilisha utaratibu.

Sasa turudi Kampala. Kabla ya hospitali, mwanamke wa Buganda alihudumiwa na mulerwa, mkunga wa kienyeji, na wakati wa mimba alitumia emmumbwa, yaani dawa za miti shamba zilizokandwa kwa udongo. Kisha wakaja wamisionari, na kila dhehebu likashika kilima chake: Mengo mwaka 1897 kwa Dk. Albert Cook, Rubaga mwaka 1899, na Nsambya mwaka 1903. Mkewe Cook, Katharine, ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga Mengo, na chuo chao cha Lady Coryndon kilifunguliwa mwaka 1921. Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha maradhi ya zinaa, na jengo jipya likafunguliwa Oktoba 1962, mwezi wa uhuru. Waislamu walikuwako Buganda tangu miaka ya 1840, lakini kwa hospitali tulichelewa sana. Kibuli, kilima kilichohusishwa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kilikuwa na msikiti na skuli kabla hakijawa na hospitali. Mama zetu wengi walizalishwa na masista, na haki lazima isemwe, walihudumiwa.

Katika miaka ya 1990 serikali ilikuwa na utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Machi 2001 ada zikafutwa katika hospitali na vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia. Hospitali za dini, zetu na za wengine, ziliendelea kutoza. Watu wakamiminika kwenye huduma za bure, ila vifaa havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo. Matokeo yake ni ile hali tunayoijua: kitanda ni bure, lakini mama huambiwa aje na karatasi ya plastiki ya kulalia, glavu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na sabuni. Ndivyo vilivyomo katika kile kifurushi kiitwacho Mama Kit. Kwa familia inayokula kwa kibarua cha siku, kifurushi hicho pamoja na nauli ni mzigo mkubwa.

Mwaka 2011 shirika la CEHURD pamoja na ndugu wa wanawake wawili waliofariki katika uzazi, mmoja Mityana na mwingine Arua, walifungua shauri namba 16 katika Mahakama ya Katiba. Katika shauri la Mityana malalamiko yalikuwa kwamba wauguzi walidai fedha kwanza, ilhali mama ana pacha na mmoja bado hajatoka. Mwaka 2012 mahakama ililitupa shauri, ikisema hayo ni mambo ya siasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikalirudisha lisikilizwe. Tarehe 19 Agosti 2020 hukumu ikatoka kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Miaka tisa!

Wenzetu Kenya walifuta ada za uzazi katika hospitali za serikali Juni 2013, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamua kwamba kuwazuilia akina mama wodini Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao.

Yapo pia mema. Tafiti za kitaifa za Uganda zinaonesha kuwa mwaka 2006 wanawake wapatao 4 katika 10 ndio waliojifungulia kituoni, na mwaka 2022 walifikia 9 katika 10. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 438 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2011 hadi 189 mwaka 2022. Kuanzia 2008 magharibi mwa nchi palikuwa na mpango wa vocha: mama maskini alinunua karatasi ya shilingi 3,000, ikamlipia kliniki za mimba, kujifungua na huduma ya baada ya uzazi. Kampala, hospitali ya Kawempe ilianza kupokea wazazi mwaka 2016, na mwaka 2018 hospitali ya wanawake na watoto wachanga ya Mulago yenye vitanda 450 ilifunguliwa, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Ila hiyo ya mwisho ina huduma za kulipia, na mkazi wa Katwe hupita mlangoni tu.

Tuna nini mikononi mwetu? Masikini, mafukara na wenye madeni wamo miongoni mwa aina nane za wanaostahiki Zakaah katika Suuratut-Tawbah, Aayah ya 60. Mwenye bili ya upasuaji asiyoweza kuilipa hahitaji kutafutiwa fungu jipya. Na 'aqiyqah ni Sunnah kwa mwenye uwezo. Wako wanaokopa mbuzi wawili siku ya saba na huku deni la hospitali halijaguswa, na majirani hula nyama bila kuuliza.

Vile vikundi vya munno mukabi vina daftari, mweka hazina na siku ya kukutana. Ukurasa mmoja wa daftari hilo unatosha kuandika majina ya akina mama waliofikisha mwezi wa sita, kituo wanachohudhuria, na nani katika jirani ana gari au boda boda ya kuamshwa usiku.