Kura ya Uingereza, Ufa wa Arusha

Waingereza walipopiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016 na kuamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, waliyokuwa wakibishania ni wahamiaji, mipaka na michango ya Brussels. Wakata maua wa Naivasha, Kenya, hawakuwamo katika hesabu. Hata hivyo, Julai ya mwaka huohuo Tanzania ilitangaza kwamba haitatia saini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya, na kujitoa kwa Uingereza kulikuwa miongoni mwa sababu ilizozitaja. Nchi tajiri ikihama jumuiya yake, wengi hukimbilia kuhesabu ushuru. Naona hasara nzito zaidi kwa nchi zinazoendelea ni kuvunjika kwa meza moja ya majadiliano.

Meza yenyewe ilipanuliwa na Uingereza hiyohiyo ilipoingia. Kabla ya 1973, makoloni ya zamani ya Ufaransa yalikuwa na mkataba wao wa Yaoundé, nazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na makubaliano yao yaliyotiwa saini Arusha mwaka 1969. Uingereza ilipojiunga na soko la Ulaya, ilibidi makoloni yake ya zamani nayo yatafutiwe nafasi. Mataifa 46 ya Afrika, Karibi na Pasifiki yakajadiliana kwa sauti moja, na Februari 1975 yakatia saini Mkataba wa Lomé. Ulaya iliahidi kununua kiwango maalumu cha sukari ya miwa kwa bei ya uhakika, na Mauritius ikaitumia vizuri fedha hiyo kujijengea viwanda vya nguo. Lomé haikuwa pepo: nchi nyingi zilibaki kuuza kahawa na pamba ghafi kama zamani. Lakini nchi ndogo haikuitwa chumbani peke yake.

Baada ya 2016 ziliitwa moja moja. Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi maskini zaidi, iliingiza bidhaa zake Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haikuwa na kinga hiyo, na ilikuwa bado inakumbuka miezi ya mwisho ya 2014, maua yake yalipotozwa ushuru Ulaya kwa sababu mazungumzo yalichelewa. Ikatia saini Septemba 2016 pamoja na Rwanda. Novemba, Bunge la Tanzania likakataa. Waridi lenyewe linaonyesha uzito wa jambo. Hukatwa alfajiri, huingizwa chumba cha baridi, husafirishwa usiku kwa ndege, na mengi hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Zamani boksi likishapita forodha pale lilivuka hadi Uingereza bila kufunguliwa faili jingine. Sasa kuna mpaka katikati, na ua halisubiri karani.

Wako watakaosema Tanzania ingekataa tu. Ni kweli Benjamin Mkapa, rais wa zamani wa Tanzania, alikuwa ameupinga mkataba ule kwa miaka, akihofia viwanda vichanga, na Burundi nayo ilikuwa na ugomvi wake na Ulaya. Ufa ulikuwapo. Ila Uingereza ilikuwa mnunuzi mkubwa wa chai na maua ya ukanda huu, na mkataba uliojadiliwa ikiwa ndani haukuwa tena mkataba uleule. Pingamizi la pili ni kwamba msaada wa Uingereza ulioshushwa mwaka 2021 kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa ulipunguzwa kwa sababu ya korona. Hilo nalikubali, ndiyo maana siliweki kwenye hesabu hii. Wengine huelekeza kwenye mpango wa London wa 2023 unaozipa nchi 65 unafuu wa ushuru, tena kwa masharti mepesi kuliko ya zamani. Ni mwepesi kweli, lakini ni zawadi. Serikali iliyoutoa yenyewe inaweza kuubadili yenyewe. Lomé ilihitaji saini za pande zote.

Desemba 2020, majuma machache kabla ya kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa Ulaya kwisha, Kenya ilitia saini mkataba wake na Uingereza. Wanachama wengine wa Jumuiya waliachiwa kifungu cha kujiunga baadaye. Mkataba ulipoanza kutumika 2021, Kenya ilikuwa peke yake, ndani ya umoja wa forodha uliokuwapo tangu 2005.