Miadi ya Kakonko: Habari za Saa Mpakani

Mtu asimamaye asubuhi juu ya vilima vya Kakonko, akatazama upande wa magharibi, huiona nchi ya Burundi imefunikwa na ukungu uleule uliofunika mabonde ya Buha. Mashamba ya migomba na maharagwe ni ya namna moja, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikizana hata mgeni huzidhani kuwa moja. Jua nalo huwachomozea watu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini saa za ukutani hazisemi neno moja: ya Kakonko ikisema saa moja kamili, ya ng'ambo husema saa kumi na mbili. Nataka kueleza hapa habari za tofauti hiyo, ilikotoka, na hasara iletayo katika kuwekeana miadi, hasa tangu kalenda zihamie ndani ya simu.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda upande wa Muhange kutafuta wazee wa kunisimulia maneno yaliyotumika katika biashara ya chumvi ya Uvinza. Nikampata mzee mmoja, tukaagana kuonana Jumatano, saa nne asubuhi, naye akaahidi kumleta mwenziwe amjuaye kuwa bingwa wa mambo hayo. Palepale nikaiandika miadi katika kalenda ya simu. Nisichokijua ni kwamba simu yangu, kwa kuwa tulikuwa karibu na mpaka, ilikuwa imekamata mnara wa Burundi na kuirudisha saa yake nyuma kwa saa moja pasipo kuniarifu. Niliporudi mjini Kakonko ikakamata tena mnara wa kwetu, na kalenda ikaionyesha miadi ileile kuwa saa tano. Nikadhani kumbukumbu yangu ndiyo iliyokosea. Jumatano nikafika saa tano kasoro robo, nikijisifu moyoni kwa kuwahi, nikakuta benchi tupu chini ya mwembe. Wazee wawili walikuwa wamekuja, wakangoja, wakaenda zao.

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo saa yako ni ya wapi?"

Nikajibu, "Ni ya simu, mzee."

Akasema, "Basi simu yako ni Mrundi."

Yeye alinisamehe, lakini mwenziwe alikuwa ametoka mbali, wala hakurudi tena. Maneno aliyokuwa nayo sikuyapata.

Na tuseme kweli: simu haikukosea hesabu. Ilipoandikiwa saa nne ilitazama mahali ilipojidhani kuwa, yaani Burundi, ikahifadhi nukta ile ya wakati. Nukta ile kwa saa ya Kakonko ni saa tano. Mashine ilishika wakati, sisi tulikuwa tumeshika neno. Mzee na mimi hatukuagana juu ya nukta fulani ya mzunguko wa dunia. Tuliagana juu ya neno "saa nne" kama lisemwavyo Muhange.

Sasa tuulize: kati ya saa hizo mbili, ni ipi iliyo karibu zaidi na jua la Kakonko? Jibu litawashangaza wengi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne. Kakonko iko karibu na digrii 31 mashariki ya Greenwich. Kwa hiyo jua lake liko mbele ya jua la Greenwich kwa muda wa saa mbili na kama dakika nne tu. Saa ya Burundi iko mbele ya Greenwich kwa saa mbili kamili. Saa ya Tanzania iko mbele kwa saa tatu, nayo ni saa ya mstari wa digrii 45, ambao hauigusi Tanzania hata kidogo. Mji ulio karibu nao ni Mogadishu. Kwa jua lake, basi, Kakonko yakaribiana sana na Kigali, na saa itumiayo ni ya pwani ya Wasomali. Hata Dar es Salaam yenyewe, iliyo penye digrii 39 na kitu, jua lake ni saa mbili na dakika 37. Inaitangulia Kakonko kwa dakika kama 33.

Msomaji wa Kiswahili ataona hapa jambo jingine la kuchekesha. Hesabu yetu ya saa, ianzayo kuchomoza kwa jua, hudai kwamba saa moja ya asubuhi iwe ni saa ya kwanza ya mchana kutimia. Pwani hesabu hiyo yakaribia kuwa kweli. Kakonko jua hutoka kama saa kumi na mbili na dakika 50, hata saa moja yetu ikigonga, mchana umri wake ni dakika kumi. Ng'ambo ya mpaka, ambako Warundi nao huhesabu saa za mchana tangu asubuhi kama sisi, jua hutoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na saa moja yao ikifika, mchana umekwisha timiza saa moja na zaidi kidogo. Yaani saa ya Kiswahili yapatana na jua vizuri zaidi huko Burundi kuliko Buha ya Tanzania. Sisemi hivyo ili tubadili saa; nchi moja kuwa na saa moja ni faida kubwa. Nasema ili ijulikane kwamba saa ya Kakonko ni ya dola, si ya jua.

Dola hizo ziliingiaje? Kabla ya Vita Kuu ya kwanza hapakuwa na mpaka wa madola mawili mahali hapo. Buha na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani, na reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, yakatwaa Urundi, Kigoma na Ujiji, yakafika Tabora mwezi wa Septemba. Wabelgiji wakaitawala Buha hata mwaka 1921. Kwa miaka ile mitano Mha na Mrundi walikaa chini ya bendera moja tena. Lakini Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha patana mwaka 1919: Ruanda na Urundi zibaki kwa Wabelgiji, nchi nyingine iwe ya Waingereza, nayo ikaitwa Tanganyika. Machi 1921 Wabelgiji wakaondoka Kigoma. Mpaka ule ndio uliokuja kuwa mpaka wa saa: upande mmoja ukaingia katika majira ya Afrika ya Kati pamoja na mashariki ya Kongo, upande wa pili katika majira ya Afrika Mashariki. Kama Wabelgiji wangalikaa, huenda mzee wangu wa Muhange asingekuwa na neno la kunicheka.

Baadaye watu walivuka mpaka huo kwa maelfu, na saa zao mikononi. Waliokimbia Burundi mwaka 1972, na 1993, na tena 2015, walipokelewa katika nyanda hizi. Za zama zetu ni kambi za Nyarugusu katika Kasulu, Nduta katika Kibondo, na Mtendeli katika Kakonko, ambayo ilifungwa mwaka 2021. Mtu aliyemwacha mzazi ng'ambo, akapanga kumpigia simu saa mbili ya usiku, ilimbidi kutaja pia ni saa mbili ya kambini au ya nyumbani.

Waliotunga kanuni za kalenda za kompyuta waliijua shida hii. Katika kanuni iliyotolewa mwaka 1998, kisha ikasahihishwa mwaka 2009, miadi yaweza kuandikwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni saa isiyo na mahali, ielekeayo popote aendapo mwenyewe. Hiyo yafaa kwa kumeza dawa asubuhi. Ya pili ni nukta ya wakati ihesabiwayo kwa saa ya ulimwengu, nayo yafaa kwa jambo lililokwisha tokea. Ya tatu ni saa pamoja na jina la mahali, na jina hilo si tarakimu bali ni mji: Dar es Salaam, Bujumbura, Juba. Kwa miadi ya watu watakaokutana siku za mbele, hii ya tatu ndiyo iliyo salama, maana serikali zaweza kubadili saa wakati wowote, na jina la mji hubadilika pamoja nazo, lakini tarakimu haijui habari.

Mfano tunao karibu. Sudan Kusini ilikuwa ikitumia majira ya Afrika Mashariki, sawa na sisi. Tarehe 1 Februari 1921 haikuwa na dola hiyo. Tarehe 1 Februari 2021 dola hiyo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikajiunga na majira ya Afrika ya Kati. Tuchukue mkutano wa Juba uliopangwa mwezi wa Januari ufanyike mwezi wa Machi, saa tatu asubuhi. Kama uliandikwa kwa jina la Juba, ulibaki saa tatu. Kama uliandikwa kwa saa ya ulimwengu, uliteleza ukawa saa mbili, na wenyeji wakafika mlango umekwisha funguliwa na maneno yameanza. Siku hizi Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ina nchi za saa tatu mbele ya Greenwich, nchi za saa mbili, na Kongo iliyo na saa zake mbili peke yake. Barua ya mwaliko isemayo "saa tatu kamili" bila kutaja mji ni barua nusu.

Lakini majina hayo ya miji hupata wapi habari zake? Hapa mwanahistoria yampasa kuwa macho. Simu na kompyuta nyingi duniani hutegemea kanzidata moja ya majira, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, ikaja kutunzwa na Paul Eggert. Habari nyingi za zamani za Afrika zilitolewa katika atlasi ya Thomas Shanks, ambayo ilikusanywa kwa ajili ya wanajimu, maana mpiga falaki hawezi kumtazamia mtu nyota asipojua saa halisi ya kuzaliwa kwake. Mwezi wa Septemba 2011 kampuni ya unajimu, Astrolabe, ikawashtaki Olson na Eggert kwa kutumia habari za atlasi hiyo. Mwezi wa Februari 2012 ikaiondoa kesi. Nakiri kwamba nilicheka nilipojua kuwa saa ya simu yangu imepita mikononi mwa wapiga falaki, nikakumbuka jinsi wazee wa pwani walivyokuwa hawaanzi safari pasipo kutazamiwa.

Kicheko kikaisha nilipoona kilichoandikwa juu yetu. Orodha ya zamani ya kanzidata hiyo husema kwamba Dar es Salaam ilikuwa saa tatu mbele ya Greenwich tangu mwaka 1931, ikashuka robo saa mwaka 1948, ikarudi mwaka 1961. Ya Nairobi ni tofauti: saa mbili na nusu tangu 1908, saa tatu mwaka 1928, mbili na nusu tena mwaka 1930, mbili na dakika 45 mwisho wa mwaka 1936, na saa tatu tangu 1942 hata leo. Watunzaji, kwa kutaka wepesi, waliamua kwamba miji ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka 1970 ihesabiwe kuwa mmoja. Dar es Salaam ikafungwa kwa Nairobi, na Bujumbura ikafungwa kwa Maputo. Historia ya kila mmoja kabla ya 1970 ikawekwa kando, katika faili ambalo simu nyingi hazilisomi.

Kwa mwenye kupanga miadi ya wiki ijayo jambo hili si kitu. Kwa mtafiti ni kitu. Akichukua simu ya maandishi iliyopelekwa Kibondo mwaka 1955, yenye saa juu yake, akaiambia kompyuta ailinganishe na saa ya London, kompyuta itamjibu kwa saa ya Nairobi. Nayo orodha ya zamani ingalimjibu kwa tofauti ya robo saa. Orodha ipi ni ya kweli haiwezi kuamuliwa ndani ya kompyuta. Itaamuliwa kwa magazeti ya serikali ya Tanganyika na ratiba za reli, karatasi kwa karatasi, na kazi hiyo ingemfaa mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye subira.

Mwaka uliofuata nilirudi Muhange. Mzee akanikubalia siku nyingine, lakini alitaka kuona ninavyoandika. Nikaiweka simu mfukoni, nikatoa daftari, nikaandika mbele ya macho yake: Alhamisi, saa nne asubuhi, saa ya Muhange. Akasoma, akaniomba kalamu, na chini yake akaongeza kwa mkono wake jina la mwenye nyumba tutakapokutania.