Bei ya Kuonekana Barabarani

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Msasani, mnamo mwaka 1968, hakuwa na turubai la wasanii wala rangi za mirija kutoka Ulaya. Alitumia hadibodi, ile ile ya kupigia dari, iliyokatwa miraba ya takriban sentimita 60 kwa 60, na rangi ya kupakia baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na tangu hapo wengi wameandika juu ya chui wake na ndege wake. Fundi wa mabango wa Kinondoni akizitazama picha zake huona jambo jingine kwanza: huyu mtu alinunua vifaa vya fundi wa mabango.

Sababu haikuwa fumbo. Rangi ya baiskeli ilipatikana madukani kwa vikopo vidogo, hivyo mtu mwenye pesa ya siku moja aliweza kununua rangi ya siku moja. Hung'aa bila vanishi, huteleza vizuri kwenye brashi, wala haisombwi na mvua. Kasoro ilikuwa kwenye ubao. Hadibodi ikinyeshewa hunywa maji kuanzia pembeni, ikavimba na kujikunja. Ndani ya nyumba ya mnunuzi wa Oysterbay haina tatizo. Nje ya duka la Temeke, masika mawili tu yanatosha kuimaliza.

Kwa kibao cha nje, basi, jibu lilikuwa bati. Kiwanda cha mabati cha ALAF, kilichoanzishwa mwaka 1960 kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni ya Nyerere, kilikuwa mlangoni mwa mafundi wa Chang'ombe na Keko. Bati bapa lilipigiliwa kwenye fremu ya mbao, likapakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha herufi zikapangwa kwa kamba na chaki. Hapo mteja ndipo anapopunjwa au anapojipunja mwenyewe, kwa sababu ya geji. Namba ikipanda, unene unashuka: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na anayenunua kwa kusikia namba kubwa hurudi nyumbani akifurahia hasara. Tena katika mji wa pwani bati halianzi kuoza katikati. Huanza kwenye misumari, na baada ya muda kila tundu huteremsha mchirizi wa kahawia juu ya jina la duka.

Ukuta ulikuwa rahisi kuliko vyote, maana hauhitaji fremu wala nguzo. Lakini wafanyabiashara wengi wa uswahilini ni wapangaji. Herufi zilizochorwa kwenye ukuta wa mwenye nyumba hubaki pale mpangaji anapofukuzwa, na aliyezilipia huondoka na brashi ya fundi akilini tu. Ndiyo maana kibao cha kuning'inizwa kwa waya kilipendwa hata kilipogharimu zaidi: ni bango linalohama. Maandishi ambayo ukuta wa Dar es Salaam umeyapokea bila ubishi ni ya wenye nyumba wenyewe, hasa yale yanayowaonya matapeli na wateja wao: NYUMBA HII HAIUZWI.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara kubwa nyingi zilikwenda mikononi mwa serikali, na shirika la umma lisilo na mshindani halina haja kubwa ya kupaza sauti barabarani. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na miaka ya foleni. Sukari ilipokuwa adimu, rangi ya mafuta ilikuwa anasa. Milango ilianza kulegezwa mwaka 1984, wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, ikafunguka zaidi katika enzi ya Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Rukhsa. Vioski, saluni na gereji vikaota kandokando ya barabara, na kila kimoja kilitaka jina.

Wenye soda walikuwa na dawa ya wasio na pesa: duka linapakwa rangi bure, kampuni inachukua sehemu kubwa ya ukuta, jina la mwenye duka linapata kona. Kampuni za simu ziliiga mbinu hiyo kwa pupa zaidi. Mobitel ilitangulia katikati ya miaka ya 1990, Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Celtel ikageuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Mobitel ikawa Tigo, na mwaka 2024 Tigo ikawa Yas. Vodacom nayo iliacha buluu ikahamia nyekundu mwaka 2011. Ukikwangua ukuta wa duka la vocha Tandika au Mbagala unaweza kusoma miamala ya kampuni za kimataifa kwa mpangilio wa tarehe.

Kampuni inayobadilisha jina haina sababu ya kulipia bango la miaka kumi. Hapo fleksi ilipata soko lake. Ni kitambaa cha plastiki kinachochapwa kwa mashine, kikauzwa kwa eneo, na kinachoweza kutoka asubuhi kikawambwa jioni. Mashine nyingi kubwa huchapa upana wa mita 3.2, kwa hiyo bango la upana wa mita 3 ni kipande kimoja. Ukitaka mita 4 pande zote mbili, unalipia na kiungo. Jua la Dar huanza na rangi nyekundu. Nyama choma iliyopendeza Juni huwa ya kijivu mwaka unaofuata.

Mteja hubishania bei ya fleksi, ilhali pesa iko kwenye chuma. Bango la mita 4 kwa 3 lina mita za mraba 12. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukilipiga usoni, huusukuma uso huo kwa nguvu isiyopungua uzito wa kilo 290, karibu magunia matatu ya mahindi yakiegemea nguzo zako. Anayepunguza zege la msingi ili amudu taa amechagua vibaya, hata kama bango lake linapendeza usiku.

Kwa wanaotaka kudumu kuna alukobondi: ngozi mbili za alumini zilizobana plastiki katikati. Jina hilo ni la bidhaa moja iliyotolewa Ulaya mwaka 1969, lakini mafundi huiita hivyo hata ikiwa ya kiwanda kingine, kama vile kituo chochote cha mafuta kilivyo sheli.

Kudumu kwenyewe, hata hivyo, hakuamuliwi na alumini. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na alama ya X nyekundu ikatokea kwenye kuta zilizokuwa salama jana yake. Mabasi yaendayo haraka yalifagia kando ya Barabara ya Morogoro kabla ya kuanza kazi mwaka 2016, kisha ujenzi ukahamia Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala. Ada ya mabango nayo hupimwa kwa ukubwa wa bango, na lenye taa hulipiwa zaidi. Mwaka 2017 kazi ya kuikusanya iliondolewa halmashauri ikapewa mamlaka ya mapato, TRA. Wenye maduka wakatoka na futi mkononi, wakapima majina yao, wengine wakayapunguza.

Fleksi, isiyokusudiwa kudumu, ndiyo isiyotupwa. Kampeni ikiisha au promosheni ikipita, hukatwa ikawa paa la genge, pazia la banda la chipsi, kifuniko cha mkokoteni wa mitumba. Sokoni Tandika mvua ikinyesha, muuza nyanya huinama chini ya uso wa mgombea uliopinduliwa kichwa chini, na maji huchuruzika kutoka kwenye paji la uso wake hadi kwenye ndoo.