Hesabu ya Mali ya Wingu: Asili ya Placement katika OpenStack

Neno "wingu", kama litumiwavyo na mafundi wa kompyuta, lapotosha kidogo, kwani laleta dhana ya kitu kisicho na mipaka. Kwa hakika wingu hilo ni ghala la mashine zenye prosesa, kumbukumbu na diski zihesabikazo, na apewacho mteja mmoja hupunguza kiwezacho kupewa mwingine.

Mwezi wa Julai 2010, NASA, shirika la Marekani la safari za anga, pamoja na kampuni ya Rackspace, walitangaza programu huria ya OpenStack. Sehemu yake iitwayo Nova ilitokana na mradi wa NASA wa Nebula (jina la Kilatini lenye maana ya ukungu), nayo ndiyo iliyopewa kazi ya kuanzisha mashine pepe katika seva.

Hapo mwanzo kila seva ilieleza mali yake yenyewe, na hapo ndipo palipoingia kasoro. Mathalani, seva 10 zikishirikiana ghala moja la diski la terabaiti 100, kila moja ilitaja 100 zote, na jumla ikawa 1,000. Ni kama ndugu kumi wenye shamba moja la minazi, ambao kila mmoja afikapo mbele ya kadhi huitaja minazi yote kuwa yake. Tena wagawaji wawili waliweza kuiona nafasi ile ile, wakaipelekea kazi mbili. Ya pili ilikataliwa, ikarudi kutafutiwa mahali upya.

Katika toleo la Newton, la Oktoba 2016, likatiwa ndani ya Nova daftari jipya, Placement. Humo yamo mambo matatu: mtoaji, akiba yake, na mgawo. Nimechagua "mgawo" wala si "ugawaji", kwa kuwa ugawaji ni tendo, na daftari hili huandika kile kilichokwisha gawiwa. Kila mtoaji ana namba ibadilikayo kila hesabu yake ibadilikapo. Ajaye na namba ya zamani hukataliwa, hana budi kusoma upya. Katika toleo la Pike, la 2017, mgawaji alianza kuandika mgawo kabla ya kuipeleka kazi kwenye seva.

Akiba yaandikwa pamoja na kiasi cha kuzidisha, yaani ruhusa ya kuahidi kuliko kilichopo. Kwa miaka mingi kawaida ya Nova ilikuwa prosesa 16 za kuahidiwa kwa kila 1 ya kweli. Lakini diski haikuzidishwa, kwani data iliyokwisha kuandikwa haisubiri zamu.

Mwaka 2019, katika toleo la Stein, Placement ilitengwa na Nova ikawa mradi wa peke yake, na Neutron, sehemu ya mitandao, ikaanza kuandikisha humo upana wa njia zake. Walakini ile diski ya shirika, iliyokuwa miongoni mwa sababu za kubuniwa kwa daftari, Nova ilikuwa bado haijaweza kuihesabu sawasawa.