Taarifa, Idhini na Kibali: Maneno ya Kuingiza Ndege Nchini

Mfasiri anayeletewa kanuni za usafiri wa anga hukuta maneno matatu yakigombea nafasi moja: ruhusa, idhini na kibali. Katika mazungumzo ya kila siku hapana ubaya yakibadilishana. Katika sheria, ndege yaweza kuzuiliwa uwanjani kwa ajili ya neno moja.

Ubishi huu si wa jana. Mkataba wa Paris wa mwaka 1919 ulitambua mamlaka kamili ya kila dola juu ya anga yake, na papo hapo ukaahidi kwamba wakati wa amani ndege za wanachama zitapita pasipo nia mbaya. Kuhusu njia za kudumu za ndege, ulitaka ridhaa ya nchi zinazopitwa. Kifungu hicho kilizua mabishano, hata mwaka 1929 kikarekebishwa ili nchi iweze kudai idhini ya awali.

Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, ulitenganisha mambo. Kwa Kifungu cha 6, ndege zenye ratiba haziingii bila idhini maalumu. Kwa Kifungu cha 5, ndege zisizo na ratiba, zikiwemo zile za makampuni zinazowachukua wakurugenzi na mafundi wao, zina haki ya kupita, na ya kutua kwa haja kama kutia mafuta, bila idhini ya awali. Anayepakia au kushusha abiria kwa malipo hakupewa haki bali fadhila, nayo nchi yaweza kuiwekea masharti. Haki na fadhila zimo katika kifungu kimoja, mfasiri asizichanganye. (Tukumbuke pia kwamba mkataba ulitiwa sahihi kwa Kiingereza tu; matini ya lugha tatu ilipatikana Buenos Aires mwaka 1968, miaka 24 baadaye!)

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, imo katika taarifa. Kiambatisho cha 9 cha mkataba huo chasema kwamba pale inapotakiwa taarifa tu, mpango wa safari uliopokewa saa mbili kabla ya ndege kufika watosha. Kuarifu hukamilika ujumbe ukifika; kuomba hukamilika jibu likirudi. Karani akisomewa "aombe" mahali pa "aarifu", atamngojesha rubani jibu ambalo sheria haikulidai. Kinyume chake ni kibaya zaidi: nchi nyingi hudai idhini hata kwa ndege za binafsi, na rubani aliyesoma "aarifu" ataruka bila idhini, kisha aamriwe kutua.

Hivyo basi, idhini iwe uamuzi wa dola, na kibali kiwe hati au nambari inayouthibitisha. Idhini yaweza kufutwa ilhali kibali kingali mkononi mwa rubani. Ruhusa ibaki katika lugha ya kawaida. Leseni ni ya rubani na wenzake, nayo Kifungu cha 29 chataka iwemo ndani ya ndege.